Viini visivyo na ukuta vinavyodharau penisilini

INGIA katika duka lolote la dawa mtaani saa za jioni, iwe ni Umoja, Kawangware au Kisauni kule Mombasa, na hutangoja sana kabla ya kusikia ombi hili: "Daktari, nipe Amoxil ya mtoto. Anakohoa." Anayeitwa daktari pengine si daktari, na mtoto mwenyewe ameachwa nyumbani. Hata hivyo pesa hutolewa, chupa hutiwa katika mfuko na mzazi akashika njia akiwa ametulia moyo.

Mara nyingi mtoto hupona. Ni vyema msomaji ajue kwamba vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, ambavyo havitishwi na antibiotiki ya aina yoyote na ambavyo huisha vyenyewe baada ya siku kadhaa. Dawa husifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Lakini kuna wakati wiki hupita na kikohozi kingali pale pale. Ni kikavu, cha kukwaruza, na usiku huwakosesha usingizi watu wa nyumba nzima. Homa si kali. Mtoto anacheza, anakwenda shule, chakula anakila shingo upande. Mzazi anarudi dukani na mara hii anapewa Septrin. Wiki ya pili inaisha, na kikohozi hakijasikia lolote.

Yapo mambo mengi yanayoweza kuleta hali hiyo, kuanzia pumu hadi kifua kikuu. Moja kati yake halijulikani sana nje ya hospitali, nalo ni kundi la bakteria ndogo mno liitwalo mikoplasma. Kundi hili lina ajabu mbili. Ya kwanza ni kwamba halina ukuta. Ya pili imo ndani kabisa, katika chombo ambacho kila kiumbe hukitumia kunakili maagizo ya uhai wake, na hiyo ndiyo inayoligusa taifa lenye kifua kikuu kama letu.

Fundi asiye na la kubomoa

Bakteria ya kawaida imejengwa kama nyumba ya mawe. Ndani kuna utando mwembamba unaoshika maji na vyote vilivyomo, na nje ya utando huo kuna ukuta mgumu. Ukuta si pambo. Presha iliyo ndani ya bakteria ni kubwa, na bila kitu cha kuishikilia kiumbe hicho kingepasuka kama puto.

Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua katika hospitali ya St Mary's, London, mwaka wa 1928, hufanya kazi kwa kuwazuia mafundi wa ukuta huo. Bakteria inapokua na kugawanyika hulazimika kuongeza mawe na kuyaunganisha. Penisilini hunasa kile kinachounganisha. Ukuta unabaki na nyufa, presha inasukuma, na bakteria inakufa. Amoksisilini, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Amoxil, ni ndugu wa penisilini na hupiga mahali pale pale. Ndivyo zinavyofanya pia zile dawa za jamii ya sefalosporini, zikiwemo baadhi ya sindano za bei ghali ambazo watu huziamini kwa sababu tu ni sindano.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba seli za binadamu hazina ukuta kama huo. Isipokuwa kwa wale ambao miili yao huikataa dawa yenyewe, penisilini hupita ndani yetu bila kutudhuru, kwa kuwa haina cha kubomoa.

Mikoplasma nayo haina cha kubomolewa. Mababu zake walikuwa bakteria wenye ukuta, lakini kwa kuishi ndani ya miili ya wanyama na mimea kwa muda mrefu mno, ambako joto, maji na chakula havikosekani, walipoteza jeni moja baada ya nyingine, zikiwemo za kujenga ukuta. Kilichobaki ni hema tu. Ili hema hilo lisiraruke, mikoplasma huchukua kolesteroli kutoka kwa mwenyeji wake na kuimarishia utando. Mpe mgonjwa Amoxil chupa kumi, mikoplasma haitajua kwamba kuna dawa.

Je, na Septrin? Hii ina dawa mbili ambazo huizuia bakteria kujitengenezea foleti, moja kati ya vitamini za kundi la B. Mikoplasma haijitengenezei foleti, huichukua ikiwa tayari. Kwa hivyo dawa hizo mbili hufunga kiwanda ambacho hakipo.

Hapa niseme jambo moja ili mzazi asije akaitupa dawa aliyoandikiwa na daktari wake. Amoksisilini ingali dawa ya kwanza kwa nimonia ya watoto wadogo, na kwa sababu nzuri. Bakteria inayoua watoto wengi kwa nimonia, pneumokoki, ina ukuta, na dawa hii huumudu. Mikoplasma huwapata zaidi watoto wa umri wa kwenda shule na vijana, wale wanaolala pamoja mabwenini au kubanana darasani, na mara nyingi haiui.

Kilichodhaniwa kuwa virusi

Mikoplasma ya kwanza kukuzwa katika maabara ilitoka kwa ng'ombe. Mwaka wa 1898, Wafaransa Nocard na Roux, pamoja na wenzao, walifaulu kukuza kiini cha homa ya mapafu ya ng'ombe, ule ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika wameujua kwa hasara. Kiini hicho kilipita katika vichungi vilivyonasa bakteria nyingine zote, jambo lililowatatiza wataalamu kwa miaka mingi.

Kile kinachowapata watu kilichelewa kutambuliwa. Mnamo 1944, daktari Mwamerika Monroe Eaton na wenzake walikipata katika makohozi ya wagonjwa wenye nimonia ya ajabu, ambayo haikumlaza mtu kitandani wala kusikia penisilini. Kwa kuwa kilipita katika kichungi, kilihesabiwa miongoni mwa virusi. Ni mwaka wa 1962 ndipo kilipokuzwa bila seli za mnyama, na ikabainika kwamba ni bakteria. Sasa huitwa Mycoplasma pneumoniae. Mikoplasma nyingi zikikuzwa katika maabara huota vidoa vidogo vyenye kitovu kizito na ukingo mwepesi, na anayezitazama kwa hadubini huapa kwamba anaona mayai ya kukaanga.

Udogo wake ni wa kustaajabisha. Bakteria ya kawaida ya tumboni, E. coli, ina maagizo ya urithi yenye herufi zipatazo milioni 4.6. Mycoplasma pneumoniae ina kama 816,000. Binamu yake, Mycoplasma genitalium, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana, ina 580,000 hivi, na maagizo yake yaliposomwa yote mwaka wa 1995 ilikuwa moja ya bakteria mbili za kwanza duniani kusomwa hivyo. Wanafunzi wa bayolojia watapenda kujua kwamba mwaka wa 2010 watafiti wa Marekani walipounda maagizo ya urithi kwa kemikali na kuyatia ndani ya bakteria ikaishi kwayo, waliyanakili kutoka kwa mikoplasma ya mbuzi na kuyatia ndani ya mikoplasma nyingine ya mbuzi.

Karani na faili

Sasa tuje kwa ile ajabu ya pili. Kila seli, yako na ya bakteria, huweka maagizo yake katika DNA. Chukulia kwamba ni faili kuu lisiloruhusiwa kutoka katika ofisi. Kiwandani, mahali protini zinapotengenezwa, mafundi huhitaji agizo mkononi. Kwa hivyo yuko karani ambaye hufungua faili, husoma ukurasa unaohitajika na kuunakili herufi kwa herufi kwenye karatasi nyepesi iitwayo RNA. Karani huyo ni protini kubwa inayoitwa RNA polimerasi. Akisimama yeye, kila kitu husimama.

Iko dawa inayomsimamisha, nayo ni rifampisini. Yeyote aliyewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu anaijua, hata kama hajui jina, kwa sababu hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa na kuwatia watu hofu bure. Mwanzo wake ni udongo uliochukuliwa mwaka wa 1957 karibu na St Raphaël, katika pwani ya kusini ya Ufaransa, na kupelekwa kwenye maabara ya kampuni ya Lepetit mjini Milan, Italia. Bakteria iliyokuwa ndani ya udongo huo ilitoa kitu kilichoua bakteria nyingine. Wataalamu wakakibandika jina la utani kutokana na filamu ya Kifaransa ya majambazi iliyovuma siku hizo, Rififi, na jina likashika. Rifampisini yenyewe ilitengenezwa katika miaka ya 1960 kwa kukirekebisha kitu hicho.

Dawa hii hujipenyeza katika upande mmoja wa karani, sehemu iitwayo beta, na kuziba njia ambayo karatasi mpya hutokea. Karani huanza kazi vizuri, huandika herufi mbili tatu, kisha karatasi hugonga kizuizi na haiendi mbele.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii, na nadhani hatujajisifu vya kutosha. Hapo awali mgonjwa wa kifua kikuu hapa kwetu alitibiwa kwa miezi 18. Majaribio yaliyoanzishwa mwaka wa 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, yalionyesha kwamba rifampisini ikijumuishwa na dawa nyingine, miezi 6 yatosha. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1972. Wagonjwa wa miji mingi ya dunia wanaomeza dawa kwa miezi 6 leo wanafuata njia iliyopimwa kwa watu wa huku.

Kwa nini basi rifampisini isitumiwe kwa mikoplasma? Ukuta haihusiani nao, na mikoplasma ina karani kama wengine wote. Jibu ni kwamba dawa hii haiigusi mikoplasma yoyote, wala jamaa zake wote wasio na ukuta. Sababu ilipatikana katika mti wa mchungwa.

Kuna jamaa wa mikoplasma aitwaye Spiroplasma citri, kiumbe kilichojisokota kama skurubu, ambacho huenezwa na wadudu wanaofyonza utomvu na kuidumaza michungwa katika California na nchi zilizo kando ya Bahari ya Kati. Watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, waliokuwa wamekichunguza kwa miaka mingi, walisoma jeni ya ile sehemu ya beta ya karani wake na kutoa matokeo mwaka wa 1996. Protini hujengwa kwa asidi amino zilizopangwa kama shanga katika uzi. Katika E. coli uzi wa beta una shanga zaidi ya 1,300, na ile ya 526, iliyo mahali rifampisini inapokaa, ni histidini. Katika spiroplasma, mahali hapo pana asparajini. Badiliko la shanga hiyo moja latosha kuifanya dawa ikose mahali pa kukaa.

Msomaji anaweza kuuliza mchungwa wa California unamhusu nini mtu wa Mathare. Unamhusu sana. Bakteria ya kifua kikuu inapokuwa sugu kwa rifampisini, mara nyingi mno badiliko hutokea katika sehemu hiyo hiyo ndogo ya beta, na shanga ya 526 ni mojawapo ya zinazobadilika sana. Tofauti ni kwamba spiroplasma ilizaliwa hivyo, na haikupata kukutana na kidonge chochote. Kifua kikuu hupata usugu wake kwetu, ndani ya kifua cha mgonjwa.

Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda. Bakteria zinapogawanyika, makosa ya kunakili hutokea. Takriban bakteria moja katika kila milioni 100 za kifua kikuu huwa na badiliko linaloikataa rifampisini, kwa bahati tu. Pafu lenye shimo laweza kuwa na bakteria zaidi ya idadi hiyo. Ukimpa mgonjwa rifampisini peke yake, nyingine zote zitakufa na hiyo moja itarithi nyumba. Ndiyo maana dawa hii huchanganywa na nyingine, ili ile inayoponyoka kwa huyu inaswe na yule. Mgonjwa anayeacha vidonge katika mwezi wa pili kwa kuwa amenenepa na kikohozi kimekwisha huzipa nafasi zile zilizobaki.

Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka wa 2010 na ambayo imo katika hospitali nyingi za umma hapa Kenya, inatumia elimu hiyo. Hutafuta jeni ya beta katika makohozi, husoma kipande chenye herufi 81 pekee, na kwa muda wa saa mbili hivi huonyesha kama kifua kikuu kipo na kama rifampisini itafaa. Zamani jibu kama hilo lilingojewa kwa wiki kadhaa huku mgonjwa akiambukiza watu wa nyumbani.

Mbuzi wa F38

Huenda mikoplasma isiwe na jina mijini, lakini ukienda Turkana, Samburu au Marsabit utakuta wafugaji wanaoijua kwa matendo yake. Homa ya mapafu ya mbuzi huingia kundini na mbuzi huanza kukohoa, hutanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo wakitafuta pumzi. Katika kundi ambalo halijawahi kuuona ugonjwa huu, wengi wa mbuzi hufa. Ulielezwa Algeria mwaka wa 1873, lakini kiini chake hakikupatikana kwa zaidi ya miaka 100. Kilipatikana hapa Kenya, na taarifa yake ikachapishwa mwaka wa 1976. Kilipewa namba F38, na wataalamu wa mifugo kote duniani wangali wanaitumia namba hiyo. Kutokana na F38 iliyouawa, chanjo ilibuniwa hapa hapa nchini katika miaka ya 1980.

Sindano ya penisilini kwa mbuzi huyo ni pesa iliyotupwa. Tetrasaiklini na tailosini husaidia zikitolewa mapema, na maziwa ya mbuzi aliyedungwa hayafai kunywewa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Wengi hawangoji, na mnunuzi wa mjini hana njia ya kujua.

Silaha zinazobaki

Kwa mtu mwenye mikoplasma kifuani, daktari huzigeukia dawa zinazopiga kile kiwanda cha protini: erithromisini, azithromisini au, kwa watu wazima, doksisaiklini. Tetrasaiklini za zamani huepukwa kwa watoto walio chini ya miaka 8 kwa kuwa hutia meno madoa.

Nazo dawa hizi zimeanza kuponyoka. Mikoplasma ikibadilisha herufi moja tu katika jeni ya kiwanda hicho, ile ya 2063, azithromisini haishiki tena. Usugu huo ulianza kuonekana Japan karibu na mwaka wa 2000, na katika sehemu nyingi za China umekutwa katika zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 waliopimwa. Mwishoni mwa 2023 hospitali za watoto kaskazini mwa China zilifurika, na mikoplasma ilikuwa miongoni mwa sababu. Ile binamu inayoambukizwa kwa kujamiiana imejifunza haraka zaidi, na dozi moja ya azithromisini iliyokuwa ikitolewa kila mahali imelaumiwa kwa hilo. Zaidi ya hayo, katika mwaka wa 2020 na 2021 watu katika nchi nyingi waliimeza azithromisini kwa ajili ya Covid, ugonjwa wa virusi ambao dawa hiyo haiutibu.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba bakteria sugu za kila aina ziliua watu milioni 1.27 duniani katika mwaka wa 2019 pekee. Kenya ilitangaza mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka wa 2017. Sheria tayari inataka antibiotiki ziuzwe kwa karatasi ya daktari, jambo ambalo kila mmoja wetu anajua linavyofuatwa pale dukani jioni.

Mzazi ambaye kikohozi cha mtoto wake kimeshinda Amoxil afanyeje? Asiongeze dawa nyingine kwa kubahatisha. Mtoto anayepumua mbiombio, ambaye kifua huingia ndani akivuta pumzi, au anayekataa kunyonya au kunywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Kwa wengine, daktari aelezwe dawa zote zilizokwisha kutumika na kwa siku ngapi, na kama wenzake wa darasa moja au ndugu zake wanakohoa vilevile, kwa sababu mikoplasma husafiri polepole ndani ya nyumba, na huweza kuchukua wiki mbili au tatu kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Kipimo cha kawaida cha kutia bakteria rangi hakiioni, maana rangi hiyo hushika ukuta. Na kikohozi kinachozidi wiki mbili, cha mtoto au cha mtu mzima, kipimwe kifua kikuu. Katika hospitali na zahanati za serikali kipimo hicho ni cha bure, na dawa zake pia, miezi yote 6.